Maswali ya Wasomaji: Alama Zinazoonekana Juu ya Ngozi Nyeusi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kuchora mistari ya kukatia na ya kushonea juu ya ngozi nyeusi au ya kahawia iliyokolea. Tumechagua tano, na kwa kuwa majibu yake yanategemeana, ni vyema zikasomwa kwa mpangilio huu.

SWALI: Nimekuwa nikitengeneza pochi na mikanda ya ngozi ya rangi ya asili kwa karibu mwaka mmoja, na muda wote huo penseli ya kawaida imenitosha. Hivi karibuni nimepata ngozi nyeusi na mambo yameharibika. Penseli haionekani kabisa. Kalamu ya wino wa bluu huonekana tu nikiinamisha ngozi dirishani, na hata hapo ninaona mng'ao, sioni rangi. Niliazima kalamu ya fedha, ikachora vizuri mno, lakini imeacha mstari kando ya mshono ambao haujatoka hadi leo. Ninunue kifaa gani kimoja ambacho kitanitoa katika tatizo hili?

JIBU: Penseli yako haina kosa, wala macho yako. Wino wa kawaida huonekana juu ya karatasi kwa sababu karatasi hurudisha mwanga na wino huuzuia. Weupe ulio chini ndio unaoufanya mstari uonekane. Juu ya ngozi nyeusi hakuna weupe huo, kwa hiyo wino wowote unaopitisha mwanga, uwe wa bluu, mwekundu au wa kijani, humezwa kama maji yanavyomezwa na mchanga. Kinachoweza kuonekana ni ama kitu chenye mwili wake, kama vile chembe za chaki au vipande vidogo mno vya alumini vilivyomo katika wino wa fedha, ambavyo hulala juu ya ngozi mithili ya vioo, ama umbo lenyewe la ngozi likibadilishwa, yaani mfuo, mkwaruzo au tundu linalotupa kivuli. Karibu vifaa vyote utakavyoonyeshwa na wauzaji vinaangukia katika mojawapo ya makundi hayo mawili, na majina yao mazuri yasikubabaishe.

Kifaa kimoja cha kukutoa katika tatizo hakipo, na sababu yake ni kwamba mistari unayochora si ya aina moja. Kabla ya kunyanyua kalamu, jiulize mstari huo utaishia wapi. Upo mstari utakaoondoka pamoja na kipande kinachotupwa baada ya kisu kupita. Upo utakaofunikwa na gundi, bitana au ukingo uliokunjwa, na hakuna atakayeuona tena. Na upo utakaobaki hadharani, mbele ya macho ya mwenye pochi, kwa muda wote ambao pochi hiyo itaishi. Kalamu ya fedha ni kifaa bora kabisa kwa mistari miwili ya kwanza. Mafundi wa viatu na mikoba huitumia kila siku kwa kazi hiyo. Wewe uliitumia kwa mstari wa tatu.

Kosa hilo nalijua kwa karibu. Miaka iliyopita nilishona jalada la ngozi nyeusi la kuhifadhia nyaraka, nikachora mstari wa mshono kwa kalamu ya fedha juu ya uso wa ngozi, nikijiambia kwamba uzi utaufunika. Uzi ulikuwa na unene wa milimita 0.8 na mstari ulikuwa na upana wa milimita moja au zaidi kidogo. Mchana hapakuwa na tatizo lolote. Usiku, chini ya taa, kando zote mbili za uzi zilimetameta kana kwamba konokono amepita. Nilijaribu kuuficha mng'ao huo kwa kalamu nyeusi ya wino usiofutika, na hapo nikajifunza jambo la pili, kwamba weusi wa kalamu na weusi wa ngozi si weusi mmoja: wino ulipokauka ulikuwa na zambarau, na jalada likawa na mistari miwili badala ya mmoja.

Kalamu zenyewe zinatofautiana. Kuna zile za jeli zinazouzwa kwa ajili ya kadi na mapambo, ambazo hazikutengenezwa kwa kufikiria ngozi hata kidogo, na kuna mirija ya wino wa fedha inayotengenezwa mahususi kwa viwanda vya viatu na mikoba, ambayo wino wake umekusudiwa kufutika kwa kitambaa au kifutio juu ya ngozi yenye mpako. Neno la kuzingatia hapo ni mpako. Ili kujua kama ngozi yako ina mpako uliofunga vinyweleo vyake, dondosha tone dogo la maji kwenye kipande kisichotumika. Tone likisimama kama shanga na kubaki hivyo kwa dakika moja au mbili, uso umefungwa, na yamkini wino utakaa juu na kufutika. Tone likisambaa na kuzama, fahamu kwamba wino nao utazama, na zile chembe za alumini zitakwama katikati ya nyuzi za ngozi mahali ambapo kitambaa hakifiki. Hata baada ya jaribio hilo usiridhike: chora mistari mitatu kwenye kipande hicho hicho, ufute wa kwanza papo hapo, wa pili baada ya saa moja, na wa tatu kesho yake. Kalamu nyingi zinazosifiwa kwamba zinafutika hufaulu mtihani wa kwanza na kushindwa wa tatu, na kazi halisi ya ngozi mara nyingi hulala mezani usiku kucha.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba uwe na vitu vitatu. Cha kwanza ni hiyo kalamu ya fedha, itumike kwenye upande wa nyama, yaani upande wa ndani wa ngozi, au kwenye mistari ambayo kisu kitaiondoa. Ukichora upande wa ndani, kumbuka kukigeuza kiolezo, vinginevyo mfuko wa kadi uliotaka uwe kulia utatokea kushoto, na hakuna kifutio cha kosa hilo. Cha pili ni bikari ya chuma yenye ncha mbili, ile isiyokuwa na mahali pa kutia penseli. Ncha moja huteleza ukingoni mwa ngozi na nyingine hutia mfuo mwembamba ndani yake kwa umbali uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na mfuo huo ndio unaofuatwa na mshono. Cha tatu ni maharazi, yaani ile sindano nene yenye mpini itumiwayo na mafundi viatu, ambayo hutumika kudonoa nukta za matundu, pembe na vifungo kupitia kwenye kiolezo. Nukta mbili zikidonolewa vizuri hazihitaji mstari kati yake; rula inatosha.

Nimesahau cha nne, ambacho wengi hawakihesabu miongoni mwa vifaa vya kuchorea, nacho ni taa. Zima taa ya darini, au angalau usiitegemee, kisha uchukue taa ya mezani na kuiinamisha hadi mwanga wake upite juu ya ngozi ukiwa umelala, kama jua la magharibi linavyopita juu ya shamba. Mfuo ambao sekunde moja kabla yake haukuwepo hujitokeza wote, ukingo mmoja ukiwa na mwanga na mwingine ukiwa na kivuli, na utaweza kuufuata kwa kisu bila kukodoa macho. Uelekeze mwanga ukate mstari, usiwe sambamba nao, kwa maana mwanga unaokwenda njia moja na mfuo hauachi kivuli. Ninaamini nusu ya kalamu za fedha zinazonunuliwa zisingehitajika kama taa ingekuwa mahali pake.

SWALI: Ninashona mikoba ya ngozi laini nyeusi. Nimeshauriwa kutumia bikari kwa mstari wa mshono, lakini nikiipitisha taratibu mfuo hutoweka kabla sijatoboa, na nikikandamiza rangi inachubuka na weupe unatokea chini. Je, bikari yangu ni butu au ni kali mno?

JIBU: Huenda ni kali mno, na ncha za bikari ya ngozi zinapaswa kusuguliwa kwa msasa laini hadi ziwe mviringo kidogo, kwa kuwa kazi yake ni kubonyeza na si kukata. Lakini hata ukizisugua, maelezo yako yanaonyesha kwamba tatizo liko kwenye ngozi yenyewe.

Ngozi iliyosindikwa kwa tanini za magome na majani ya miti ni ngumu kiasi, na nyuzi zake zikibonyezwa hukubali kubaki zilivyobonyezwa, hasa ngozi ikiwa na unyevu kidogo. Ngozi iliyosindikwa kwa chumvi za kromu, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya ngozi laini za mikoba, viatu na makoti, ni nyororo na hujirudi kama sponji. Ukiitia mfuo, inakusubiri ugeuke kisha inajinyoosha. Weupe unaouona nao una maelezo yake: rangi ya juu ni mpako uliopakwa usoni, na chini yake ngozi ya kromu ambayo haikuzamishwa rangi hadi katikati ina kijivu chenye ubluu kwa mbali. Ukikwaruza, umeuchana mpako, na hapo si suala la alama tena bali ni jeraha, ambalo mkunjo wa kila siku wa mkoba utalipanua.

Kwa ngozi kama hiyo mimi huacha kuchora kabisa mstari wa mshono. Ikiwa unatoboa kwa chuma cha meno, yaani kile chenye safu ya meno yanayotoboa matundu ya mshono kwa pamoja, jino la mwanzo likilingana na kona na ubao mwembamba ukiwekwa ukingoni kama kizuizi, chuma chenyewe kinaweza kufuata ukingo bila mstari wowote. Kata ubao au plastiki ngumu yenye upana unaolingana na umbali wa mshono wako, tuseme milimita 4, uibane sambamba na ukingo, kisha uegemeze meno kwake. Ni kazi ya polepole kwa mara mbili tatu za mwanzo, halafu mkono huzoea.

Njia nyingine ni utepe wa karatasi, ule unaotumiwa na wapaka rangi kufunika kingo za madirisha. Ubandike kando ya ukingo, uchore juu yake kwa penseli ya kawaida kama uliyozoea, utoboe ngozi pamoja na utepe, halafu uubandue kabla ya kushona. Utakuwa umeirudisha karatasi nyeupe juu ya ngozi nyeusi, na mistari yote, hata ya kosa, itaondoka na utepe. Hatari iko katika gundi. Ubandike utepe kwanza kwenye nguo yako na kuubandua mara moja au mbili ili upungue makali, na wakati wa kuutoa uukunje urudi nyuma juu ya mgongo wake, ukivuta taratibu, badala ya kuunyanyua wima kwa nguvu. Unaonyanyuliwa wima ndio unaoondoka na mpako. Usiuache juu ya ngozi usiku kucha. Juu ya ngozi yenye nta hautashika vizuri, na juu ya ngozi yenye manyoya mafupi usiujaribu.

Mafundi wengine hutumia chuma cha kutia mfuo kilichopashwa moto, ambacho hubana mpako na ngozi kwa pamoja na kuacha mstari unaong'aa usiotoweka. Matokeo yake ni mazuri sana, ila mstari huo ni pambo na hauwezi kurekebishwa, kwa hiyo mahali pake ni mwishoni mwa kazi, chini ya mkono ambao umekwisha kujaribu joto lake kwenye vipande visivyotumika.

Na kwa kuwa umetaja bikari, niongeze neno moja kwa wanaotumia ngozi ya kahawia iliyosindikwa kwa tanini. Msiipitishe bikari au maharazi ya chuma cha kawaida juu ya ngozi iliyolowa. Chuma na tanini vikikutana kwenye unyevu hutoa weusi, ndiyo njia ileile ambayo kwayo mafundi wa kale walitengeneza wino wa kuandikia na ambayo hadi leo hutumika kuifanya ngozi iwe nyeusi. Juu ya ngozi nyeusi hakuna atakayegundua; juu ya kahawia, hata iliyokolea, utapata nukta za buluu nyeusi zisizotoka. Tumia shaba, chuma kisichoshika kutu, au kipande cha mfupa kilichochongwa ncha.

SWALI: Fundi cherehani jirani yangu ananiambia nitumie chaki yake au kipande cha sabuni, kama anavyofanya kwenye nguo nyeusi. Nina ngozi mbili: moja ina manyoya mafupi laini pande zote, nyingine ni ya kahawia nzito yenye nta ambayo hubadilika rangi inapokunjwa. Je, ushauri wake unafaa?

JIBU: Unafaa kwa nusu. Kwa ngozi yenye manyoya mafupi, ambayo wengi huiita swedi, chaki ya fundi cherehani ndiyo chaguo langu la kwanza, kwa sababu vumbi lake hukaa kati ya manyoya na hutoka kwa brashi. Ila hakikisha ni chaki ya udongo, ile inayotoa unga ukiikwangua kwa kucha. Zipo chaki nyingine zilizotengenezwa kwa nta. Juu ya kitambaa huyeyuka na kupotea zikipigwa pasi, lakini juu ya ngozi mafuta yake huingia na kubaki kama doa. Chonga ukingo wa chaki kwa kisu kila baada ya mistari michache, kwa kuwa ukingo uliolika huchora mstari wenye upana wa milimita 2 au 3, na mstari kama huo hauwezi kukuambia kisu kipite wapi. Kalamu ya fedha iweke mbali kabisa na swedi, isipokuwa pale ambapo una hakika kisu kitapita.

Udhaifu wa chaki ni kwamba inatoka hata pale usipotaka. Kiganja kinachobana rula ndicho kinachoufuta mstari uliochorwa kwa uangalifu dakika tano zilizopita. Chora na kukata upande mmoja kabla ya kwenda mwingine, na usikunje kipande kilichochorwa ukakiweka begani.

Sabuni iliyokauka hufanya kazi, na kipande kilichobaki chembamba kama jani huchora vizuri kuliko chaki. Lakini sabuni ya kipande ina ualkali, na ngozi iliyosindikwa kwa tanini hukolea rangi inapokutana na alkali pamoja na unyevu. Kwenye nyeusi haina madhara ya kuonekana. Kwenye kahawia ningeiepuka.

Ngozi yako ya pili haihitaji kifaa chochote cha kununua, na hilo ndilo linalonifurahisha kila ninapoifanyia kazi. Mafuta na nta zilizomo ndani yake husogea pale inapobonyezwa, na mahali zilipotoka hupauka. Pitisha ukucha, au ncha butu ya mfupa, kando ya rula kwa uzito wa kawaida wa mkono: utaona mstari wa rangi ya mchanga ukifuata kidole chako juu ya kahawia, mwembamba na mkali. Ukimaliza kushona, sugua mstari huo kwa kidole gumba hadi upate joto, na nta itarudi mahali pake huku mstari ukififia mbele yako. Mistari iliyobonyezwa zaidi itahitaji joto la mashine ya kukaushia nywele kwa sekunde chache. Angalizo ni moja tu: ngozi hiyo haichagui nani ameichora, kwa hiyo pete, saa na vifungo vya mikono vivuliwe kabla ya kazi.

SWALI: Ninachora kwa kalamu ya fedha kuzunguka kiolezo cha kadibodi, nakata juu ya mstari, lakini vipande vyangu huwa vikubwa kuliko kiolezo na havilingani vikibandikwa. Kisu ninakinoa kila mara. Ninakosea wapi?

JIBU: Hukosei kwenye kisu. Ncha ya kalamu ni duara na haiwezi kuingia kwenye kona kati ya kiolezo na ngozi, hivyo mstari wote unakaa nje ya ukingo wa kiolezo. Chukulia mstari wenye upana wa milimita 1. Ukikata katikati yake, kila upande umeongezeka nusu milimita, na kipande kizima kimezidi kwa milimita 1 kwa urefu na milimita 1 kwa upana. Ukikata ukingo wake wa nje, ziada ni milimita 2. Kalamu ikiegemezwa nje, kona moja inaongezeka zaidi ya nyingine, na hapo hata vipande viwili vilivyochorwa kwa kiolezo kimoja havifanani. Juu ya ngozi ya rangi ya asili hukuliona hilo kwa sababu penseli iliyochongwa hukaribia ukingo.

Zipo tiba tatu. Ya kwanza, kata ukingo wa ndani wa mstari ili fedha yote ibaki kwenye kipande kinachotupwa. Ukiona kipande chako hakina hata chembe ya mng'ao ukingoni, umekata sawa. Ya pili, chonga kiolezo kikiwa kidogo kwa kiasi cha mstari, njia ambayo siipendi, kwa kuwa siku utakapobadilisha kalamu itakubidi ubadilishe violezo vyote. Ya tatu, na ndiyo ninayoitumia kwa vipande vidogo, ni kutochora kabisa. Tengeneza kiolezo cha plastiki ngumu au bati jembamba, ukibane juu ya ngozi kwa vitu vizito, na upitishe kisu moja kwa moja ukingoni mwake, mara ya kwanza kwa wepesi ili kisu kipate njia, mara ya pili kwa uzito. Kadibodi haifai kwa hilo kwa sababu kisu huila. Kwenye mapindo madogo, pale ambapo kisu hukataa kugeuka, donoa nukta kwa maharazi kuzunguka kiolezo kwa umbali wa milimita 2 hivi na uzifuate baada ya kukiondoa.

Maharazi yenyewe, yakiwa na ncha nyembamba na kushikwa yakiwa yameinamia kiolezo, huchora mstari ulio karibu zaidi na ukingo kuliko kalamu yoyote. Kwa ngozi nyeusi ya tanini isiyo na mpako mzito, na chini ya ile taa iliyoinamishwa niliyoieleza, sioni sababu ya wino.

SWALI: Nimekwisha kuchafua uso wa mkoba mweusi kwa wino wa fedha. Nimeshauriwa kutumia spiriti au asetoni. Pia nimesikia kuhusu kalamu zinazofutika kwa joto. Je, zingeniepusha na hili?

JIBU: Asetoni weka kando kabisa. Huyeyusha mipako mingi ya ngozi, na utabadilisha mstari wa fedha kwa bonde lisilo na rangi. Spiriti nayo hubeba rangi ya ngozi pamoja na wino. Ukiona pamba imekuwa nyeusi, hicho si kitu kizuri hata kama fedha imepungua. Anza na kitu kikavu: kifutio cheupe cha penseli, au kipande cha mpira ghafi kama ule wa soli za viatu, ukisugua kwa kufuata urefu wa mstari ili usisambaze chembe pembeni. Kikishindwa, tumia kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni laini, upanguse, ukaushe, urudie. Jaribu kila hatua kwanza ndani ya mfuko au chini ya kifuniko cha mkoba. Ikiwa ngozi ni ile inayonyonya maji, huenda mstari usitoke wote. Kilichobaki hufifishwa kwa rangi ya ngozi ya aina ileile iliyotumika mwanzo, ikipakwa kwa ncha ya kijiti na si kwa kalamu nyeusi, kwa sababu niliyokwisha kuieleza kuhusu lile jalada langu.

Kuhusu kalamu za joto, kwa mfano FriXion za kampuni ya Pilot, wino wake hupoteza rangi unapofikia takriban nyuzi 60 za Selsiasi, na rangi hiyo inaweza kurudi pakiwa na baridi kali iliyo chini sana ya sifuri. Kwa maneno mengine wino hauondoki, unajificha. Rangi zake za kawaida hazionekani juu ya nyeusi kwa sababu ileile ya wino wa bluu, na kalamu nyeupe za aina hiyo, zilizotengenezwa kwa ajili ya vitambaa, mara nyingi huacha kivuli cha kijivu juu ya vitu vyeusi hata baada ya kupashwa joto. Isitoshe, ngozi iliyosindikwa kwa tanini ikiwa imelowa huanza kusinyaa kwenye joto ambalo si mbali sana na hilo, kwa hiyo usiwahi kufuta kwa joto ngozi ambayo umetoka kuipangusa kwa kitambaa cha maji. Zitumie kwenye bitana ya kitambaa cheupe, ambako zinafaa kweli, na kwa mkoba wako unaofuata uchore upande wa ndani.